Sifuri za Mama Yangu

Karatasi ya mama yangu imebandikwa ukutani pale ninapofanya kazi, Manzese, kati ya kadi ya mwaliko wa harusi na mfano wa barua ya kuomba kazi. Ina matundu pembeni, ni zile karatasi za printa zinazotoka zimeungana. Juu niliandika kwa herufi kubwa: MAENDELEO YA MGONJWA BAADA YA MATIBABU. Chini yake kuna mistari hamsini na kitu, kila mstari wiki moja, na katika kila kisanduku neno moja: hakuna, hakuna, hakuna. Mwisho kabisa, upande wa kulia, jumla: sifuri.

Aliyeibandika ni bosi wangu. Aliichapa kutoka kwenye disketi siku nilizokuwa nyumbani nimekaa matanga, akaipiga selotepu pande zote nne, na jina la mama akalifunika kwa kipande cha karatasi nyeupe. Niliporudi nikaikuta. Aliniambia kazi nzuri haifichwi, wateja waone kompyuta yetu inafanya nini. Tangu siku hiyo nimegeuza kiti, nafanya kazi nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Sijaibandua, na sababu ya kutoibandua si heshima kwa bosi. Sifuri zile nilizitengeneza mwenyewe, na moja kati yake niliitengeneza kwa makusudi.

Mama alikatwa ziwa la kulia, kisha akapigwa mionzi kwa wiki kadhaa. Tulikuwa tunatoka Tandika alfajiri, tunakaa kwenye benchi pale hospitali, anaitwa, anaingia, anatoka. Walimchora mistari ya wino kifuani ili mashine ipige pale pale kila siku, wakamkataza kuisugua. Kwa hiyo wiki zote hizo mama alikuwa anaoga nusu mwili. Mtu wa pwani, aliyezoea kuoga mara mbili kwa siku na kujipaka mafuta ya nazi, alikuwa anajifuta kwa kitambaa kama mtoto mchanga, na hilo lilimuuma kuliko kisu.

Siku ya mwisho nesi alimwambia, "Umemaliza mama. Nenda kaoge."

Ni hayo tu. Akapewa kadi imeandikwa arudi baada ya miezi mitatu, na vidonge vya kumeza kila siku. Mie nikauliza, "Na huko nyumbani tuangalie nini?" Nesi alikuwa ameshaita mwingine. Akasema bila kugeuka, "Akiona tatizo, aje."

Mama alifika nyumbani akaoga ndoo mbili nzima. Nilimsikia bafuni anasugua na kuimba taratibu. Mimi nilikuwa nje, naigeuza ile kadi ya kliniki mbele na nyuma. Wakati wa matibabu tulikuwa na watu wa kutuamrisha: njoo, vua, lala, vaa, rudi kesho. Sasa hakuna wa kuamrisha. Akiona tatizo. Tatizo lipi? Kikohozi ni tatizo? Kuumwa kichwa ni tatizo? Kila alipojikuna nilishtuka. Alipokosa hamu ya kula ubwabwa nilihesabu ni siku ya ngapi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, baba alikufa nikiwa darasa la pili, na katika nyumba ile tulikuwa wawili tu. Nilijua kabisa nikikosea, nitabaki peke yangu na kosa langu.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Kupiga chapa nilijifunza mwenyewe kwa taipureta mbovu ya jirani, isiyokuwa na herufi K. Bosi wangu alikuwa karani serikalini. Walipopunguzwa kazi akachukua kiinua mgongo chake, na wenzake walipokuwa wananunua magunia ya mitumba, yeye akanunua kompyuta na printa, akafungua chumba Manzese pembeni ya Barabara ya Morogoro. Watu walikuja kuiangalia tu. Tulichapa kadi, barua, risala, vyeti vya madrasa. Mwanzoni yeye mwenyewe aliiogopa. Aliyekaa na kile kitabu kinene cha Kiingereza, na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa mpaka umeme ukatike, ni mimi. Na siku za mgao, ukikatika, nilikaa gizani nikiendelea kukariri vitufe kwa vidole.

Niseme wazi nilivyo. Kadi ya harusi ikitoka na herufi moja imekaa vibaya, ambayo mteja haioni wala hatakaa aione, mie naichapa upya na ile mbovu naificha kwenye mkoba, naenda kuichoma nyumbani. Nikitumwa sokoni nikasahau kitu kimoja, silali. Mama alikuwa ananicheka: "We mtoto ulizaliwa na rula mkononi." Nilifikiri ni sifa.

Katika kitabu kile kulikuwa na sura ya majedwali. Unachora mistari na safu, unaipa kompyuta kanuni, nayo inajumlisha yenyewe. Nilipoisoma sura hiyo moyo ulinienda mbio kama mtu aliyeona barua yenye jina lake. Nikakaa wiki mbili, baada ya kazi za wateja, nikatengeneza la mama. Safu ya tarehe. Safu ya vidonge. Kisha maswali: maumivu ya kifua, mkono kuvimba, uvimbe mpya, kikohozi, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, maumivu ya mgongo au viungo. Hakuna ni sifuri, kidogo ni moja, sana ni mbili. Kila wiki ijijumlishe, na chini kabisa jumla ya jumla. Jumla ikipanda, tunakimbia hospitali. Hata safu ya kliniki niliiweka, siku saba kabla ya tarehe itokee nyota.

Nilijiona nimejibu lile swali ambalo nesi hakunijibu.

Tukaanza. Kila Jumapili baada ya chai. Mama anakaa kwenye mkeka ukumbini, miguu kainyoosha, kofia anayoidarizi iko mapajani. Kazi yake ilikuwa hiyo, kofia za mkono, za vito, vile vitundu vidogo vya kushonwa kwa sindano, na wanaume wa mtaa walizisubiri kabla ya Idi. Mie nakaa kwenye kigoda na karatasi na kalamu.

"Haya mama, tuanze. Maumivu ya kifua?"

"Hakuna."

"Mkono kuvimba?"

"Hakuna."

"Uvimbe wowote mpya?"

"Hakuna. Lo, unaniuliza kama askari wa kituoni! Hata karani wa sensa alikunywa maji kwanza."

"Mama, jibu bwana."

"Si nimejibu? Hakuna. Alhamdulillahi. Haya, lingine."

Dakika tatu tumemaliza. Jumatatu naingia kazini mapema, naingiza kwenye kompyuta, na chini kule inatoka sifuri. Siwezi kueleza raha ya ile sifuri. Ilikuwa ya mviringo, imetulia, haina doa. Wiki nzima nilitembea nayo. Nikihisi hofu inapanda nikiwa natafuna chakula, najiambia: sifuri. Chakula kinashuka.

Mama naye aliipenda, kwa namna yake. Alisoma Kurani vizuri lakini herufi za kizungu alizifahamu kidogo tu, za elimu ya watu wazima. Nilipomletea karatasi ya kwanza aliishika kwa ncha za vidole. Neno "hakuna" akalijua haraka kwa kuwa lilijirudia. Akaikunja, akaiweka kwenye kopo la nyuzi zake, na kila jirani aliyekuja kumjulia hali alitolewa karatasi. "Mwanangu kaniingiza kwenye kompyuta. Nyie magonjwa yenu yako wapi? Yako kwenye mito ya kulalia."

Kliniki ya kwanza tukaenda nayo. Daktari alikuwa kijana, amechoka, foleni iko mpaka koridoni. Aliipokea, akaitazama, uso ukamfunguka.

"Nani kafanya hii?"

"Binti yangu," mama akasema, na kukaa wima.

"Safi sana. Wagonjwa wote wangekuwa hivi tungefika mbali." Akapitisha kidole kwenye safu, hakuna, hakuna, hakuna, akafika chini. Akampima mama kifuani na kwapani. "Kwa hiyo hakuna shida, mama?"

"Hakuna, daktari. Tunamshukuru Mungu."

Kliniki ya pili vilevile, ila safari hii alisoma karatasi kwanza na kumpima kidogo. Akasema kwa hali hii hatuna haja ya kusumbuka kila miezi mitatu, tuje baada ya sita. Tukatoka kama watu walioshinda mtihani. Nilimnunulia mama soda mbele ya geti. Mie nilijua kwamba ile miezi sita ni zawadi ya jedwali langu, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa ajili ya jedwali kwanza.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja Jumapili ya mgongo.

Nimefika swali la mwisho. Mama akaacha sindano hewani. Akasema, "Mgongo... unajua, juzi nilikuwa nakuna nazi. Nikataka kuinuka pale kwenye mbuzi, nikahisi kama..."

"Mama, yapo au hayapo?"

"Ngoja basi nikueleze. Nikahisi kama kitu kinavuta huku chini, halafu..."

"Mama, pale pana sehemu ya neno moja tu. Hakuna, kidogo, au sana. Niandike lipi?"

Akanitazama. Sikuinua macho, lakini najua alinitazama, kwa sababu sindano ilikuwa haijashuka.

"Andika kidogo."

Nikaandika. Jumatatu nikaingiza. Na pale chini, baada ya miezi yote ile, ikatoka moja.

Nilikaa naitazama ile moja asubuhi nzima. Ilisimama pale kama msumari. Bosi alikuja kuniuliza risala ya mteja imefikia wapi nikamjibu hovyo. Nilichotakiwa kufanya nilikuwa nimejiandikia mwenyewe: jumla ikipanda, tunakimbia hospitali. Badala yake nilikuwa nawaza kwamba labda swali halikuulizwa sawasawa. Kwamba kuinuka kwenye mbuzi kunamuuma kila mtu. Kwamba jibu si sahihi, na jibu lisilo sahihi linaharibu kazi yote.

Jioni nilipofika nyumbani, hata viatu sijavua, nikamuuliza.

"Shikamoo mama. Ule mgongo, ni maumivu kweli, au ni uchovu tu?"

"Marahaba." Akaweka kofia chini. "Kwani imekuharibia?"

"Haijaharibu. Nauliza tu."

"Basi ni uchovu. Nilikaa sana kwenye mbuzi siku ile. Andika hakuna."

Jumanne nikafika kazini kabla bosi hajafungua madirisha. Nikarudi kwenye kisanduku kile, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Neno kidogo likaliwa herufi moja moja kutoka nyuma mpaka likaisha. Nikaandika hakuna. Sifuri ikarudi.

Kama ningekuwa natumia daftari, ningekata kwa kalamu, na mkato ungebaki. Daktari angeuona angeuliza, hapa palikuwa na nini. Kompyuta haiachi kovu. Huu ndio uzuri wake na ndiyo maana niliipenda, na ndiyo maana sasa asubuhi nachelewa kuiwasha.

Wiki zikaenda. Hakuna, hakuna, hakuna. Mama hakujaribu tena kunieleza kitu.

Yaliyonizunguka sikuyaona, au niliyaona nikayapita. Kofia moja ilikaa mapajani mwake Jumapili saba, vito vyake haviongezeki. Nazi tukaanza kununua iliyokwisha kunwa sokoni. Nilidhani ni ruhusa ya maisha mapya, siku hizi kila kitu kinauzwa kimeshatengenezwa. Sikuviingiza popote kwa sababu havikuwa na safu.

Aliyefungua mambo ni mama mdogo, mdogo wake mama tumbo moja, anakaa Mbagala. Alikuja siku moja ya sikukuu, ndiyo maana nilikuwa nyumbani. Nilikuwa chumbani napiga nguo pasi ya mkaa, pazia limeshuka, wao wako ukumbini.

"Hodi hodi!"

"Karibu, karibu mdogo wangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Za Mbagala?"

"Njema. Watu wazima?"

"Wazima. Wako?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Umeamkaje wewe mwenyewe?"

"Salama, alhamdulillahi."

Kisha nikasikia viatu vinavuliwa, mkeka unanyooshwa, maji yananywewa. Mama mdogo akalalamikia bei ya unga, akamsema mkwewe, wakacheka. Mie nimeshapiga pasi gauni zima.

Ndipo mama mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Enhe. Sasa niambie."

Na mama akasema, "Mdogo wangu, sina hali."

Pasi ilikuwa mkononi. Nikaisimamisha.

"Kiuno kinawaka moto. Usiku sijui nigeukie wapi. Nikiinama kurukuu naona roho inataka kutoka. Siku hizi naswali nimekaa."

"Tangu lini dada?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Naswali nimekaa. Nyumba ina vyumba viwili na ukumbi. Mama yangu alikuwa anaswali amekaa tangu kabla ya Ramadhani, na mimi, mwenye jedwali lenye safu ya tarehe na safu ya vidonge na nyota ya kliniki, sikuwa najua. Adhuhuri na alasiri nilikuwa kazini. Alfajiri nilikuwa nakimbia kuwahi. Isha nilikuwa nawaza kesho.

Nikatoka nje ya pazia. Nadhani nilipiga kelele.

"Mama, mbona kila Jumapili unaniambia hakuna?"

Mama akainamia kofia yake. Aliyejibu ni mama mdogo.

"Kwani we unamuulizaje?"

"Namuuliza maumivu ya mgongo, anasema hakuna!"

"Enhe. Halafu?"

"Halafu naandika."

"Halafu?"

"Halafu nakunja karatasi, tumemaliza."

Mama mdogo akapiga kofi moja, akacheka kicheko kikavu. "Ndo hapo sasa. Umemwamkia, kakuitikia, ukaondoka zako. Mie mtu akinambia mzima ndo kwanza navua viatu."

"Mwache," mama akasema. "Mtoto anafanya kazi yake."

Nani kwetu hajui? Msiba uko ndani, maiti hajaoshwa, mgeni akifika mlangoni anauliza habari za hapa na mwenye nyumba anajibu nzuri. Hadanganyi. Amefungua mlango tu. Habari yenyewe inakuja baadaye, mtu akishakaa. Nimelelewa hivyo, nimeitikia hivyo maisha yangu yote. Nikaenda kutengeneza chombo kinachopokea nzuri ya mlangoni, kinaifungia kwenye kisanduku, na kuijumlisha. Na siku moja tu mama alipojaribu kunikaribisha ndani, nikamwambia pana sehemu ya neno moja.

Hatukusubiri tarehe. Kesho yake tulikuwa kwenye benchi lile lile. Nilichukua karatasi yangu, kwa mazoea, hata sijui kwa nini. Daktari akampiga picha ya mgongo, akaitazama kwenye taa kwa muda mrefu, akaniomba karatasi. Akaisoma, akaisoma tena.

"Sielewi. Hapa hakuna kitu mpaka wiki iliyopita. Picha hii inaniambia ni miezi."

Nilikuwa na maneno yote tayari: daktari, nilifuta. Yalikuwa maneno mawili tu. Nikayashika ulimini kama dawa chungu ambayo mtu hataki kuimeza wala kuitema.

Mama akasema, "Ni kweli daktari. Yameanza juzi hapa. Mtoto kaandika sawasawa."

Akanishika goti. Daktari akaandika kwenye faili: juzi. Na mie nikanyamaza.

Siku nyingine nilimfuata daktari peke yangu koridoni nikamuuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Sikumwambia kwa nini nauliza. Alifikiri, akasema ugonjwa ukishaingia kwenye mifupa hautoki, mapema au kuchelewa. Nikapumua. Kisha akamalizia, "Ila tungempa mionzi ya kutuliza na dawa nzuri. Asingeumia miezi yote hiyo."

Watu wa mtaani huniambia, siku yake ilikuwa imefika, usijilaumu. Nakubali, siku ilikuwa imefika. Lakini siku zile za kabla yake, za kugeuka geuka kitandani na kuswali amekaa na kusema andika hakuna, zile hazikuandikwa na Mungu. Zile ziko kwenye disketi yangu.

Alilala wiki saba nyumbani. Mama mdogo alihamia kwetu. Mimi niliomba ruhusa kazini nikawa nakaa pembeni ya kitanda. Asubuhi ya kwanza nikamwambia, "Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama."

Nikakaa. Sikujua mikono niiweke wapi. Mama akaitazama.

"Karatasi yako iko wapi?"

"Leo sina."

"Utasahau."

"Sisahau."

Akafumba macho. Nikangoja. Jirani akaamsha redio, ikapiga taarabu, ikazimwa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba amelala, ndipo akaanza kusema, na macho yakiwa bado yamefungwa. Alisema mengi siku hiyo na zilizofuata. Kwamba upande uliokatwa ulikuwa unamuwasha pale pale ambapo hapana kitu. Kwamba aliacha kwenda kwenye shughuli za harusi kwa sababu wanawake wanakumbatiana. Kwamba aliota ile mashine. Hakuna hata moja kati ya hayo nililolitengenezea safu.

Nikamuuliza mwishowe, kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini hukunilazimisha nisikie?"

"Ningekulazimishaje?" akasema. "Ikitoka ile sifuri yako ulikuwa unakula. Isipotoka huli. Nilikuona wiki ile ilipotoka moja. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka."

Hakusema kwa kunisuta. Laiti angenisuta. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alinunua samaki huyu akaacha yule.

Alikufa siku ya Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Mgeni wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa nyuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akauliza, "Habari za hapa?" Nikasikia sauti yangu ikimjibu, "Nzuri. Karibu ndani."

Kofia ile ipo. Upande mmoja umejaa vito, upande wa pili una mistari ya penseli tu. Mama mdogo alitaka kuimalizia, nikamkatalia.

Sasa nirudi ukutani. Juzi alikuja mwanamume mmoja wa makamo, anafanya kazi kiwandani Wazo, viatu vyeupe kwa vumbi la saruji. Alikuja kuchapa barua ya kuomba likizo. Wakati namchapia, akawa anasoma ukuta. Nikasikia anasoma kwa mnong'ono, hakuna, hakuna, nikajua amefika wapi.

"Sista, hii nayo mnafanya?"

Bosi akawahi kutoka nyuma. "Tunafanya mzee! Kitaalamu kabisa. Hata madaktari wanaisifu."

"Mke wangu kamaliza mionzi wiki iliyopita," akasema yule bwana. "Wametuambia twende nyumbani. Sasa sijui hata niangalie nini."

Alisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nayo mie, koridoni, nesi amenipa kisogo.

"Mtolee," bosi akaniambia. "Muundo ule ule, badilisha jina."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusimama nikaibandua ile karatasi mbele yao, nikasema kilichomo. Nilikuwa na mashahidi wawili na mchana mweupe. Lakini bosi alikuwa anatabasamu, na yule bwana alikuwa amekwisha kuvuta kiti, na mie nikafanya kama nilivyofanya mbele ya daktari. Nikafungua disketi. Nikafuta jina la mama, tarehe zake, na hakuna zake zote, safu kwa safu. Jumla ikabaki sifuri, maana hata jedwali tupu linatoa sifuri. Sikuwahi kuligundua hilo.

Kitu kimoja tu nilibadilisha. Chini ya maswali niliacha nafasi nyeupe, nusu ya karatasi, haina mistari.

"Hapa mbona patupu?" bosi akauliza. "Panaonekana kama kosa."

"Paache," nikamwambia.

Nilimsindikiza yule bwana mpaka mlangoni, jambo ambalo huwa sifanyi. Nikamwambia, "Kaka, ukimuuliza akasema hakuna, usiandike hapo hapo. Kaa kwanza."

"Nikae muda gani?"

"Mpaka aanze mwenyewe."

Akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma, kama vile maelezo hayo yangekuwa yamechapwa upande wa pili. "Na hiyo nayo imo kwenye kompyuta?"

"Haimo."

Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akavuka barabara. Hakuonekana kama mtu aliyenielewa. Bosi aliniita ndani, kuna kadi za harusi mia, na moja, alisema, ina herufi iliyokaa vibaya.